Tangazo la Loimata

Siku ya kwanza Moelagi alidhani ni yeye mwenyewe aliyesafisha koo.

Alikuwa peke yake studioni, mlango umefungwa, akisikiliza rekodi ya matangazo ya vifo aliyoyasoma saa sita mchana, kuhakikisha yamekaa sawa kabla hayajarudiwa jioni. Kati ya tangazo la mzee mmoja wa Lotofaga na la mtoto mchanga wa Vaimoso palikuwa na kimya kidogo, pale alipogeuza karatasi. Ndani ya kimya hicho mtu alisafisha koo. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Ilikuwa ile sauti ya mtu aliyekaa mkutanoni na kuona zamu yake ya kusema imekaribia.

Moelagi akarudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena. Alikuwa mwanamke, na hakuwa yeye. Miaka yote ile ya kujisikiliza ilikuwa imemfundisha kulijua koo lake, na hili lilikuwa la mtu mwingine, la mtu mwenye haya.

Akakikata kile kipande, akaunganisha, akaenda kunywa kakao yake. Kesho yake sauti ikawepo tena, kwenye kimya cha namna ile ile, ila safari hii karibu zaidi na kipaza sauti.

Redio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa hapo Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, mali ya Seumalo, mtu mwenye cheo cha ukoo na shemasi wa kanisa lake. Mwaka ule wa 2006 simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, na vijiji vya ng'ambo ya maji, kule Savai'i, vilikuwa bado vinaishi kwa redio. Mtu akifia Auckland au Sydney, waliokuwa naye waliandika barua pepe, na Moelagi aliisoma: jina la marehemu, la mama na la baba, kijiji, siku ya maziko. Hapo ndipo ukoo ulipojua, mikeka ya heshima ikatolewa ilikofichwa, nguruwe wakakamatwa, mtu akatafutwa wa kwenda kuupokea mwili. Wanawake wa sokoni walimtania: "Huyu ndiye anayetuua. Mtu hajafa mpaka Moelagi aseme."

Barua hizo zote ziliingia kwenye kompyuta moja iliyokaa kwenye kona ya ofisi, na kompyuta hiyo ilikuwa imekuwa mbovu kwa sababu ya kupendwa mno. Iakopo, mpwa wa Seumalo na fundi wa kila kitu pale redioni, aliitilia programu ya kuzuia virusi. Muda wake ulipokwisha akaitilia nyingine bila kuitoa ya kwanza. Halafu Seumalo alikwenda Auckland kumtembelea rafiki yake, akaona kwenye kompyuta ya huyo rafiki kitu ambacho ukiandika neno moja tu kinachimbua kila barua na kila waraka wenye neno hilo. Akarudi anakitaka. Iakopo akakitia, na tangu siku hiyo mashine ikawa inakoroma kama mtu aliyelala chali.

"Umewahi kuona mawifi watatu jikoni, sufuria moja?" Iakopo alimwambia Moelagi, amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, lavalava, ile shuka ya kiunoni, imemkaza tumbo. "Programu ya barua inataka kuweka barua kwenye faili lake. Kitafutaji nacho kinataka kulifungua faili lile lile kisome kila neno. Kizuia virusi kikisikia kifuniko kimeguswa, kinaruka: nani kafungua, leteni nikague. Na hivyo vizuia virusi viwili vyenyewe havielewani. Wote wameshika sufuria, chakula kiko chini."

"Si utoe mmoja."

"Mwambie mjomba wangu. Mimi bado nataka kula kwake Jumapili."

Moelagi alicheka. Hakucheka siku ambayo sanduku la barua lilifunguka tupu. Kizuia virusi kilikuwa kimekuta kirusi kwenye barua moja, na kwa kuwa kitafutaji kilikuwa kimelikumbatia faili zima wakati huo, kikalibeba lote na kulifungia karantini, barua zote, zilizosomwa na ambazo hazijasomwa. Ikaonekana pia kwamba halikuwa jambo la siku moja. Kwa majuma kadhaa vile vizuia virusi viwili vilikuwa vinapokonyana barua mlangoni na kuziweka humo humo, hata kabla Moelagi hajaziona.

"Zinaweza kurudi," Iakopo alisema. "Lakini lazima nizime mashine, nizitoe kidogo kidogo. Kesho nzima itakwenda."

Seumalo alikuwa amesimama nyuma yao, shati jeupe, anapepea uso kwa gazeti. Kulikuwa na matangazo ya biashara yanayosubiriwa kwa barua pepe siku hiyo.

"Futa," akasema. "Mwenye jambo la maana atatuma tena."

Iakopo alimtazama Moelagi. Moelagi akatazama dirishani. Iakopo akafuta.

Hayo yalikuwa yamepita na kusahaulika, lile koo lilipoanza kusikika.

Baada ya koo ikaja harufu. Iliingia mchana, ofisi inapokuwa tupu watu wakienda kula, nayo mwanzoni haikuwa mbaya hata kidogo: mafuta ya nazi yaliyotiwa maua ya langilangi, yale ambayo bibi humpaka mjukuu wa kike nywele akiwa amemkalisha katikati ya magoti. Moelagi akadhani kuna mgeni ngazini. Alitoka kuangalia, hakukuwa na mtu, na aliporudi kitini harufu ilikuwa imekaa pale pale alipoinuka, na chini yake, kama moshi chini ya mlango, palikuwa na harufu ya nywele zinazoungua.

Kompyuta ilikuwa inasaga yenyewe, krr, krr, kama kucha kwenye bati. Kwenye kile kisanduku cha kitafutaji, ambacho yeye hakukigusa, palikuwa na herufi zinajipanga moja moja, taratibu, kama anayeandika ni mtu asiyezoea mashine. Zilipokwisha kujipanga lilikuwa jina. Loimata. Kwa lugha yetu huku ni machozi, na si jina la ajabu, wapo wanawake wengi wanaoitwa hivyo. Lakini Moelagi hakuwa na Loimata yeyote.

Mashine ikatafuta, ikatafuta, ikaganda.

"Iakopo, umeandika wewe hapa?" alimuuliza aliporudi na panikeke zake, maandazi ya kwetu, kwenye karatasi.

"Loimata ni nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Labda ni mchumba wa mjomba," akasema huku anatafuna. Kisha akanusa, akaacha kutafuna. "Nani kaunguza nywele humu?"

"Na wewe unaisikia?"

Iakopo akakunja karatasi yake na panikeke mbili zikiwa bado hazijaliwa, na siku zile mtu aliyemjua Iakopo angejua hapo kwamba ameogopa.

Huku kwetu viumbe wasioonekana wa namna hiyo wanaitwa aitu. Ukiwaita majini hujakosea sana, ila wengi wao walikuwa watu kwanza.

*

Mama yake Loimata alikuja mwenyewe. Alivuka kwa meli ya asubuhi kutoka Savai'i, akapanda ngazi za redio na kikapu cha majimbi begani, akaketi chini sakafuni, miguu ameikunja vizuri, ingawa Moelagi alimsogezea kiti. Alijitaja: Sieni, wa Safotu. Alikuwa mzee mdogo, mkavu, sauti yake ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Nisameheni wanangu, nakuja kuuliza neno moja tu," alisema. "Kuna kijana wa kwetu karudi kutoka Auckland. Ananiambia binti yangu alikufa, tangu wakati wa baridi ya kule. Alikuwa anaishi na rafiki yake. Huyo rafiki hana njia ya kunipata ila hapa kwenu. Anasema alituma tangazo, akangoja, akatuma tena. Hakuja mtu. Basi wakamchoma moto, maana hapakuwa na wa kumpokea."

Moelagi alikuwa ameshajua jina kabla hajalisikia.

"Anaitwa Loimata," mama akasema. "Mimi redio yangu sizimi. Nalala nayo. Lakini nimefikiri, labda mlimsoma mimi nikiwa shambani. Au betri ziliisha siku hiyo. Nataka tu kujua. Mlimsoma?"

Moelagi alifungua mdomo. Seumalo, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, alimtangulia.

"Tulimsoma, mama," akasema kwa upole, sauti yake ile ya kanisani. "Sisi hatuachi tangazo la mtu. Bila shaka ulikuwa shambani."

Yule mama alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kutafuta pa kuushika.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemwacha."

Akawaachia majimbi. Alishuka ngazi moja moja, mkono ukutani, na Moelagi alisimama pale pale na ulimi wake mdomoni, mzima, haujafungwa na jini wala na mtu.

Mama alipokwisha kuondoka Moelagi alikwenda kwenye kompyuta, akaandika lile jina kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii haikuganda. Chini ya kisanduku ukatokea mstari mmoja, mwanzo wa barua, maneno machache ambayo kitafutaji kilikuwa kimeyanakili siku kilipoyasoma: *Tafadhali msome Loimata, binti wa Sieni wa Safotu, mumwambie mama yake aje*. Alipobonyeza afungue barua yenyewe, hakukuwa na barua. Ilikwishafutwa. Duniani kote huyo mwanamke alikuwa amebaki kwenye ule mstari tu.

Akamwita Seumalo, akamwonyesha. Seumalo aliinama, akasoma, akasimama wima.

"Hiki kidude ndicho kilichotuletea balaa tangu mwanzo," akasema. "Iakopo. Kitoe. Kitoe chote, na kumbukumbu zake."

"Mjomba, yule mama..."

"Yule mama ameshajibiwa."

Iakopo alikitoa. Mashine ikatulia, ikawa nyepesi, barua zinafunguka upesi kama mpya. Hata harufu iliondoka ofisini. Seumalo alisema waone sasa, mambo ya kitaalamu yanataka uamuzi tu. Moelagi alikuwa anafunga mkoba wake aende nyumbani aliposikia koo lake mwenyewe linasafishwa, taratibu, kwa haya, naye hakuwa amefanya lolote.

*

Kesho yake saa sita aliketi mbele ya kipaza sauti na karatasi zake. La kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Falealili.

"Familia ya Loimata inasikitika," akasoma.

Akasimama. Akaomba radhi hewani, akarudia. Alitazama jina la mwalimu, aliliona, lilikuwa limechapwa vizuri kwa wino mweusi, akalipanga mdomoni kama anavyopanga mtu tonge, akalitoa, na likatoka Loimata. Akarukia tangazo la pili. Loimata. Akarukia la tatu, la mtoto, mtoto wa siku chache tu, na mdomo wake ukasema kwa sauti tulivu ya kazini kwamba Loimata ameacha wazazi na ndugu wawili, na ndani ya visikizio vilivyomziba masikio alisikia pumzi iliyo karibu kuliko pumzi yake, mtu ameegemea begani anasoma naye, na ile harufu ya langilangi ikashuka kutoka kwenye nywele zake mwenyewe, ambazo hakuwa amezipaka kitu. Iakopo upande wa pili wa kioo akaweka wimbo wa kanisa.

Alipelekwa nyumbani kwa teksi, homa imempanda. Kwake aliishi na Tiresa, shangazi yake, na Tiresa ndiye mganga ambaye watu wa kijiji chao cha Moata'a walimwendea kwa maradhi ambayo hospitali inakupimia damu kisha inakurudisha. Hakuuliza mengi. Alimvua blauzi, akamlaza kwenye mkeka, akayasaga majani aliyoyachuma nyuma ya nyumba. Ilikuwa saa ya sala ya jioni, majirani wanaimba kila nyumba, na sauti za nyimbo ziliingia kutoka pande zote.

Tiresa alimkanda kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayemsukuma mtu atoke chumba kwa chumba. Alipofika kifuani akapunguza sauti.

"Nani mwenzangu?"

Moelagi alisikia mdomo wake unajibu. Hakuna aliyemuumiza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: ilikuwa kama kukaa nyuma ya chumba na kumsikia mgeni anazungumza na mwenye nyumba.

"Loimata."

"Wa nani?"

"Wa Sieni."

"Mwanangu huyu kakukosea nini?"

"Nilikuwa kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kusomwa." Sauti ilikuwa ya chini, ya kuomba radhi, sauti ya mama yake kabisa. "Tulipewa zamu. Tukafungiwa mahali, hatuoni mlango. Tukasubiri. Kisha wakatufuta."

Mkono wa Tiresa ulisimama. "Mko wangapi?"

Nje wimbo mmoja ulikuwa umekwisha na mwingine haujaanza. Kisha koo la Moelagi likaanza kusafishwa, mara moja, na mara nyingine kwa namna nyingine, zito, la mwanamume, na kabla hilo halijakwisha likaja jembamba la msichana, na jingine lililokauka la mzee, yote kwenye koo lile lile moja, yakisukumana, yakiombana radhi, mpaka Moelagi akakosa nafasi ya kuvuta hewa, na Tiresa akamwinua haraka akampiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Alipopata pumzi, shangazi alimlaza tena.

"Dawa yangu hii inamtoa mkorofi," Tiresa alisema. "Mtu aliyekuja kudai haki yake nimtoe kwa lipi? Msome. Na huyo aliyemdanganya mama yake akapige magoti mbele ya nyumba ya mama huyo, ajifunike mkeka, kama wanavyofanya watu wakiomba radhi ya kosa kubwa."

"Seumalo hatapiga magoti."

"Basi akae na cheo chake. Wewe soma."

*

Seumalo alimpokea kwa wema. Alimuuliza hali, akamwambia mchungaji anaweza kuja kumwombea hapo hapo ofisini. Moelagi alipomweleza alichokuja kuomba, wema ule ukafungwa kama dirisha.

"Nimsome leo? Watu watauliza, kwa nini leo. Watasema redio ya Seumalo imewaacha maiti wao wachomwe moto na wageni. Nani atatuletea tangazo tena?"

"Mama yake anadhani ni kosa lake, mzee."

"Atazoea. Wazee wanazoea." Akamtazama. "Unasema jini limekuingia. Mimi nimekuvumilia, nikakupa mapumziko. Ukisoma jina hilo kwenye redio yangu, usirudi."

Moelagi alikwenda studioni. Ilikuwa inakaribia saa sita. Iakopo alikuwa mezani kwake nyuma ya kioo, mkono juu ya swichi, na alimwona mjomba wake amesimama mlangoni pale anatikisa kidole. Moelagi hakuchukua karatasi yoyote. Iakopo akawasha taa nyekundu.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Loimata," Moelagi alisema, "binti wa Sieni, wa Safotu, kilichotokea Auckland. Tangazo hili lililetwa kwetu kwa wakati wake. Hatukulisoma. Mama yake hakuwa shambani."

Alihisi kitu kinashuka kutoka mabegani, chepesi, kama mtu anayeondoa shali yake na kwenda. Seumalo alikuwa amefika kwenye mlango wa Iakopo, anampigia kelele ambazo kioo kilizizuia, anaonyesha swichi, na Iakopo, mtu mnene aliyempenda sana mjomba wake na chakula cha Jumapili, alikuwa amekaa na mikono yote miwili chini ya mapaja yake kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Moelagi akanyoosha mkono azime kipaza sauti. Mkono haukufika. Koo lake likasafishwa, la mwanamume, na mdomo ukasema jina ambalo hakulijua, la mtu wa Salelologa aliyefia hospitali ya Sydney akimwita dada yake, na pamoja na jina alimwona, aliona kitanda na shuka ya kijani, na kabla hajakaa sawa akaja msichana wa Lotofaga, gari, mvua, na baada yake mzee wa Falealili aliyekutwa chumbani siku nyingi zimepita, na kijana wa Vaimoso aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi kule Brisbane na helmeti yake ikabaki juu, na kila mmoja alitaja mama yake na baba yake na kijiji chake kwa utaratibu, bila haraka, kama watu waliokuwa na muda mrefu wa kujiandaa, na Moelagi akiwa nyuma ya mdomo wake mwenyewe aliwahesabu mpaka akaacha kuhesabu, machozi yanamtiririka na sauti haitetemeki hata kidogo, kwa sababu haikuwa yake.

Walipokwisha, hakukuwa na harufu yoyote humo ndani ila ya vumbi la mashine.

*

Walianza kuja asubuhi yake. Wa karibu walikuja kwa miguu, wa mbali kwa basi la kwanza, wa Savai'i kwa meli. Walijaa barazani juu na kwenye ngazi mpaka mlangoni pa duka la vitambaa. Hawakupiga kelele. Wengi walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Waliuliza wote swali moja, kwa adabu: jina hili mlilosoma, ni huyu wangu?

Sieni alikuwa miongoni mwao. Alimwendea Moelagi, akambusu shavuni, akavuta pumzi yake kama tunavyosalimiana.

"Nimesikia," akasema. "Sikuwa shambani." Akaenda kukaa pembeni, akajitanda shuka yake nyeusi kichwani, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Kisha Seumalo akatoka ofisini. Alikuwa amevaa shati lake jeupe na tai, Biblia mkononi, na watu walimpisha, maana ni mtu wa cheo. Alinyoosha mkono, wakanyamaza.

"Jamaa zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzuri kama siku zote, "jana mmeogopeshwa, na mimi naomba radhi kwa hilo. Dada yetu huyu mnamjua, ni mgonjwa. Ameingiliwa na aitu. Shangazi yake mwenyewe amemtibu, muulizeni kama si kweli. Yale majina hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Ukiacha la mama huyu, hakuna tangazo lililoletwa hapa. Lile lilikuwa pepo, na kazi ya pepo ni uongo. Rudini nyumbani. Watoto wenu ni wazima."

Moelagi aliziona nyuso zao zinabadilika. Hakuna aliyemkasirikia. Walikuwa wanamtazama Seumalo kama watu waliookolewa kuzama baharini, na mama mmoja wa Lotofaga, mama wa yule msichana wa gari na mvua, aliushika mkono wake akaubusu. "Asante, mzee," akasema. "Mungu akubariki." Mwingine akaanza kucheka kwa kilio. Wakaanza kushuka ngazi, wanashikana mikono, wanasimuliana jinsi walivyokosa usingizi kwa ujinga. Iakopo alikuwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani.

Moelagi alifikiri: waache. Wamepewa furaha, nani atanishukuru nikiwanyang'anya. Kooni mwake hamkuwa na mtu tena wa kumsemea.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa Vaimoso, mrefu, anatembelea fimbo. Alifika kwenye ngazi ya kwanza, akasita, akageuka.

"Binti," alimwambia Moelagi, "nisamehe. Mwenye redio ameshasema, nami nimemsikia. Lakini nataka kuondoka nikiwa nimesikia kwako pia. Wangu yuko Brisbane, anajenga majumba. Simu yake haipokelewi siku nyingi sasa, lakini ni mtu wa kazi, unajua vijana. Lile lilikuwa pepo tu, siyo?"

Seumalo alikuwa anamtazama Moelagi juu ya kichwa cha mzee. Hakumtisha. Alimtazama kwa kuomba, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Chini ngazini sauti za watu zilikuwa zinaelekea barabarani, nyepesi, mtu anaulizia basi la Lotofaga.

Moelagi aliingia ndani. Akatoka na kiti, kile ambacho Sieni alikikataa, akakiweka mbele ya yule mzee, akampangusia vumbi kwa kiganja chake.

"Keti kwanza, mzee," akasema.

Yule mzee alikitazama kiti. Hakukaa. Alikishika tu mgongoni kwa mkono wake mmoja, akakishika kwa nguvu, na kule chini ngazini, waliomsikia Moelagi wakaacha kuongea, kisha mmoja wao akaanza kupanda tena.